Uko na Siku Ngapi?

Watu wengine huamkiana kwa kuulizana habari za usingizi. Yeye hakujali ulilalaje. Akikukuta njiani, sokoni, hata msibani, alikushika mkono, akakukagua uso, kisha akauliza: "Uko na siku ngapi?" Mgeni aliyesikia hayo kwa mara ya kwanza alidhani anatabiriwa kifo. Sisi wa Kalemie, mji wa kando ya ziwa, tulijua anauliza nini. Alimwuliza mama wa nyumbani unga wake utafika siku ngapi, na mwenye duka la dawa akamwuliza hivyo hivyo. Mimi ni mkunga, kwa hiyo aliniuliza habari za glovu, nyuzi na sabuni. Nikijibu "tatu" aliguna. Nikijibu "sijui, Papa" alikasirika kweli, maana kwake kutojua kulikuwa kosa kubwa kuliko kubakiwa na siku moja.

Tulimwita Papa wa Depo. Jina alilopewa na wazazi lilikuwapo, bila shaka, lakini sikumbuki kulisikia likitamkwa ila kanisani. Hata kwao sikuwahi kumwuliza. Watabwa walidai ni wao kwa sababu alijua utani wao, Waholoholo walidai ni wao kwa sababu alijua matusi yao, naye aliwaacha wagombane. Nilichojua ni kwamba alitunza depo ya mazuti, yaani dizeli, karibu na bandari, tangu nilipokuwa msichana wa shule hadi miaka yangu ya mwanzo ya ukunga. Depo ile ilikuwa na matangi matatu, mawili yamesimama juu ya zege na moja limezikwa ardhini. Mazuti yalikuja kwa meli kutoka Kigoma au kwa behewa kutoka Kabalo, na yakishafika, hakuna tone lililotoka bila yeye kuliona.

Chombo chake cha kazi kilikuwa fimbo ndefu ya mti mgumu, iliyompita urefu, nyeusi kuanzia chini hadi katikati kwa kuzamishwa miaka na miaka. Kila asubuhi alipanda ngazi, akafungua kifuniko cha tangi, akaishusha hadi iguse chini, akaitoa, akaangalia umande wa mazuti umeishia wapi. Wakubwa wake walitaka hesabu ya lita, naye aliwapa lita zao. Lakini mikato aliyoichonga kwenye fimbo kwa kisu chake haikuwa ya lita. Kila mkato ulikuwa siku moja ya mji: siku moja ya mashine ya maji, ya hospitali, ya malori, ya meli, ya jenereta za wenye nacho. Akiitoa fimbo alijua kwamba Kalemie, watu wote hawa na kelele zao zote, wamebakiwa na siku tisa, au nne. Nadhani kujua huko peke yake, kila asubuhi, kabla hata ya chai, ndiko kulikomfanya awe alivyokuwa.

Siri hiyo alijaribu kuitunza, maskini, lakini mji una macho. Alikuwa na pikipiki. Watu waligundua kwamba tangi likipungua, yeye wa kwanza huacha pikipiki yake nyumbani, asije akaonekana akichoma mafuta wakati wengine wanakosa. Basi ikawa desturi: Papa wa Depo akipita kwa miguu, kabla hajafika soko la Kataki, watu wamekwisha kukimbilia bidoni zao za mafuta. Foleni ilijipanga kwenye geti kabla ya bosi mwenyewe kujua kuna upungufu. Ikabidi ajifunze kudanganya. Siku mbaya kuliko zote alipanda pikipiki, akaizungusha mjini akipiga honi na kupungia watu mkono, ili wasiogope. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuna uongo uliomchosha kama ule wa kupanda pikipiki.

Usidhani alichukia mashine. Hapo ndipo watu wanaposimulia vibaya habari zake, hasa vijana waliomjua akiwa mzee, wakafikiri alizaliwa na paneli ya jua kwapani. Mtu huyu alipenda injini kuliko wengine wanavyopenda muziki. Aliweka sikio kwenye mashine yoyote iliyokuwa inazunguka, akafumba macho, akatoa hukumu yake: "Muzima," au "Mugonjwa," na mara nyingi alipatia kuliko fundi aliyeifungua. Harufu ya mazuti aliipenda pia. Alipostaafu alikuwa na kichupa kidogo chenye mazuti, amekiweka karibu na Biblia, na mara moja moja alikifungua akanusa. Nilimkuta siku moja akifanya hivyo nikamcheka. Hakuona haya. Aliniambia mlevi aliyeacha pombe ndiye anayejua vizuri utamu wake, kwa hiyo maneno yake yana uzito kuliko ya padri.

Na alikuwa na kigeugeu chake. Aliwahubiria watu kutembea kwa miguu, lakini kijana wa pikipiki akisimama kumpa lifti ya bure, alikuwa amekwisha kupanda kabla kijana hajamaliza sentensi. Alilaumu wakata miti wa makaa, na jikoni kwake kulikuwa na gunia la makaa. Nikimwonyesha, alisema yeye hakuwahi kujiita mtakatifu.

Maneno yake mengi yalihusu jambo moja. Watu wakizungumza habari za vita, na kwetu habari hizo hazikosekani, kila mmoja alitaja bunduki, mpaka, na jina la jenerali huyu na yule. Yeye alisikiliza, kisha akawaambia wanamtafuta adui mahali asipokuwa. "Adui wa akili hapigi risasi," alisema. "Anafunga njia ya mazuti, anakaa chini, anangoja. Sisi wenyewe njo tutamufungulia mulango." Alikuwa ameiona hali hiyo kwa fimbo yake. Meli ikikawia Kigoma, reli ikikatika njiani, nguzo za umeme unaotoka mtambo wa maji wa Bendera zikianguka, haikuhitajika mtu kurusha hata jiwe. Nchi inayongoja mazuti ya watu, kwa maoni yake, ilikuwa nchi inayoomba ruhusa kila asubuhi.

Jaribio lake la kwanza la kuuokoa mji liliishia kwa aibu, na nitalisimulia kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kulisimulia. Ulikuwa mwaka mmoja wa ukosefu mkubwa. Akakumbuka kwamba injini za zamani haziringi, zinameza mafuta ya kila aina. Akachukua mawese, akayachuja kwa kitambaa cha kitenge, akayapasha moto, akayamimina kwenye injini ya pampu ya depo. Ikakohoa, ikazunguka. Bandari nzima ikanukia samaki wa kukaanga. Watu walishangilia, na wenye mashine za kusaga wakaja kujifunza, kila mmoja akarudi kwake na dumu la mawese. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita mafuta yaliganda kwenye mabomba ikawa lazima kuwekea injini jiko la makaa chini yake, lakini ilikwenda.

Ilikwenda majuma mawili. Kisha akina mama wakafika getini na vyungu vitupu, wamejipanga, na mbele yao amesimama mke wake mwenyewe. Mawese yalikuwa yamekwisha sokoni, na sombe, majani yetu ya muhogo, haipikwi bila mawese. Mama yule hakupaza sauti. Alimwonyesha mumewe chungu ndani na nje, akamwambia, "Papa ya watoto, mashine zenu zinakula sombe yetu." Jaribio lilikufa siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kila mtu alipomletea wazo jipya la kuacha mazuti, swali lake la kwanza lilikuwa: linakula nini? Likila chakula cha watu au msitu wao, hakuendelea kulisikiliza. Ndiyo maana baadaye alipenda jua. Jua, alisema, halili kitu chako na halipiti bandarini.

Mtu mmoja mjuaji, katekista wa parokia yetu, alimdaka hapo. Akamwambia, lakini Papa, paneli zinapita bandarini, na betri vilevile, tena zimetengenezwa na watu tusiowajua kwa jiwe la madini pengine lililochimbwa Manono kwetu. Tunatoka kwa bwana mmoja tunaingia kwa mwingine. Niliona Papa wa Depo amefurahi kuulizwa, maana hakupenda kukubaliwa haraka. Alijibu, "Paneli inapita bandari mara moja. Mazuti inapita kila siku. Mwenye kukuuzia paneli akikasirika kesho, jua itatoka tu." Habari ya jiwe la Manono aliikubali. Alisema hapo katekista ana haki, na kwamba siku tutakapotengeneza betri wenyewe atacheza ngoma. Mpaka siku hiyo, aliagiza kila anayefunga betri mjini ajue pia kuifungua na kuitengeneza, na vijana waliokuja kumwomba baraka bila kujua kutumia bisibisi aliwafukuza.

Sasa nifike kwenye jambo langu, ambalo nimelizunguka.

Nilikuwa mkunga mpya. Ulikuwa wakati wa ukosefu mwingine, ambapo meli hazikuja, mabehewa yalisimama, na umeme wa mji ulikuwa umekatika siku nyingi. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mitaa ya chini. Asubuhi moja alizaliwa mtoto amechoka. Tulimsafisha, tukampulizia hewa kwa mfuko wa mkono, akaanza kupumua, lakini kwa shida. Alihitaji mashine ya oksijeni. Mashine tulikuwa nayo, nzuri, imefunikwa kitambaa cheupe. Jenereta tulikuwa nayo. Mazuti hatukuwa nayo. Nikamwachia mwenzangu mfuko wa hewa, nikachukua bidoni ya lita tano, ya manjano, nikakimbia hadi depo.

Alitoka mwenyewe getini. Mkononi ana fimbo. Nilimweleza kila kitu kwa pumzi moja, kisha nikamwuliza, "Iko, Papa?"

"Hakuna," alisema.

Nikaiangalia fimbo. Ilikuwa imelowa kwenye mkato wa pili. Aliona nimeona. Hakuificha. Akafunga geti.

Yule mtoto alipumua hadi saa kumi za alasiri. Tulipokezana mfuko, mimi na mwenzangu, mpaka vidole vikafa ganzi, na jua lilikuwa kali nje, jua la kukausha samaki, likitupigia dirishani. Nalikumbuka jua lile kuliko kitu kingine chochote. Lilikuwa limejaa chumba kizima na hatukuwa na namna ya kulitia ndani ya mashine.

Nilimchukia mtu huyu. Sitatafuta neno la adabu. Kwa muda wa miaka minne nikimwona njiani nilivuka barabara, na alipouliza watu wana siku ngapi nilisema moyoni kwamba mtoto yule hakuwa na hata moja kwa sababu yako. Kwamba mazuti ya mikato miwili yalikuwa ya mashine ya maji nilikuja kujua baadaye, tena kwa mtu mwingine. Mashine ya maji ilizunguka siku hizo mbili, na siku ya tatu meli ikaingia. Mimi niliyekuwa nikihudumia wagonjwa wa kipindupindu kwenye mahema yao najua vizuri kuliko mtu yeyote mji ungekuwaje bila maji siku hizo mbili. Nilijua, na bado nilimchukia, kwa sababu kujua na kusamehe havikai nyumba moja.

Yeye ndiye aliyekuja. Alikuwa amestaafu, amevaa bado kofia ya depo. Aliketi kwenye benchi la wodi ya wazazi, kati ya wajawazito, kila mmoja akishangaa mzee huyu amekuja kuzaa nini. Nilipotoka, nilidhani ataomba radhi, na nilikuwa nimejiandaa kumkatalia. Hakuomba. Alisema, "Hesabu yangu ilikuwa sawa, mwanangu. Na mutoto alikufa vilevile. Kwa hiyo siyo hesabu njo ya kubadilisha." Kisha akaniomba nimwonyeshe mashine ya oksijeni, inakula umeme kiasi gani, na saa ngapi kwa siku. Akaandika kwenye kiganja cha mkono. Chuki yangu ilikufa pale, nikimwangalia anaandika kiganjani kama mtoto anayeogopa mtihani. Iliniuma kuipoteza, kwa maana nilikuwa nimeizoea.

Alizunguka mji miezi mingi akitafuta namna ya kuiendesha mashine ile kwa jua. Waliompa moyo wa kwanza walikuwa wavuvi, na hapo mpango mzima ulianza kutembea. Wavuvi walitutangulia wote. Waliacha zamani taa za mafuta wakavua ndagala, dagaa wetu, kwa taa za betri, bila semina wala hotuba ya mtu, kwa sababu tu taa ya betri haizimwi na upepo na haiwangojeshi meli. Wao ndio waliojua fundi gani mwongo na betri gani ya kweli. Paneli nane zikapatikana, na betri, na waya. Paa la wodi yetu lilikuwa bovu, lisingebeba hata paka mnene, basi paneli zikafungwa uani kwenye fremu ya chuma, chini, urefu wa kiuno.

Siku ya kwanza taa ziliwaka, tukapiga vigelegele. Siku ya pili, hafifu. Siku ya tatu, giza. Fundi akaja, akapima, akasema paneli zimekufa. Papa wa Depo hakumwamini. Alikwenda uani mwenyewe. Akakuta akina mama waliokuja kuuguza wazazi wametandaza ndagala juu ya paneli zote nane, wamezipanga vizuri, safu kwa safu. Kwa nini wasitandaze? Ni pana, zina joto, zimeinama kidogo maji yachuruzike, na mbwa hawafiki. Nani angewajengea kitu kizuri hivyo kama si kwa ajili ya ndagala? Mama mmoja alimshukuru kabisa kwa niaba ya wenzake.

Nilingoja apasuke. Alicheka hadi akaketi chini. Kisha hakuwafukuza. Kwa siku mbili alijenga kichanja cha kukaushia samaki kando ya paneli, kikubwa zaidi na kimeinama vizuri zaidi, na nguzo ya kati aliyoitumia ilikuwa fimbo yake ya depo. Nilishtuka, nikamwambia fimbo ile ni ya kuwekwa ukutani. Akasema kazi yake ya zamani imekwisha, apewe nyingine. Kila asubuhi, muda mrefu baadaye, alikuja kuosha vioo kwa sabuni kuondoa magamba na mafuta ya samaki.

Lakini fimbo hiyo, kabla ya kuwa nguzo, ilikuwa imepata kazi moja katikati, nayo siwezi kuiruka. Ziwa lilipoanza kupanda, miaka ile, halikupiga kelele. Asubuhi unaamka, maji yako hatua moja karibu zaidi. Watu walisema yatarudi, ziwa hili tangu zamani hupanda na kushuka, mto Lukuga utayatoa. Papa wa Depo alichukua fimbo akaikita kwenye maji mbele ya nyumba ya jirani yake, mama mmoja muuza samaki, akaisoma kila asubuhi kama alivyosoma tangi. Maji yalipofika mkato wa tatu alimwambia ahame. Mama akahama na vyombo vyake vyote, hata mlango aliung'oa akaubeba. Majirani walimcheka. Mwezi haukuisha, wao wakatoa vyombo vyao kwa mtumbwi.

Depo nayo iliguswa. Waliomrithi walitoa mazuti ndani ya lile tangi la ardhini ili wayaokoe. Yeye alikwenda kuwaonya walijaze maji, wasiliache tupu, wakamwona mzee anayetafuta kazi. Udongo ulipolowa, tangi tupu likaelea, likapasua zege, likatokeza uani mgongo wake wenye kutu. Nilikwenda kulitazama kama watu wote. Alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma. Watu wakamwuliza kama ni moshi wa mazuti uliojaza ziwa. Alijibu kwa uangalifu. Alisema yeye ni mtu wa depo, si mtu wa mawingu, na kwamba sisi wa Kalemie tulichoma kidogo sana kuliko wale wanaochoma. Lakini mvua zimebadilika, na wenye kusoma mambo hayo wanasema moshi una mkono wake. "Miaka yote nilipima kitu kikishuka," alisema, "sasa napima kikipanda. Fimbo ni ile ile."

Jambo la mwisho tuliloligombania lilikuwa betri. Alitaka ziwe mafungu mawili. Moja la taa, friji ya chanjo na mambo mengine yote. La pili la chumba cha kuzalia peke yake, ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo shingoni kwangu. Aliliita betri ya mama. Shefu wa mtaa, kiongozi wetu, alikuja na simu sita akitaka kuzichaji, nikamwambia hapana. Alirudi siku ya mechi kubwa, na televisheni, na wazee wanne wa kumsindikiza, akisema betri imejaa na haina kazi, ni dhambi kuiacha bure. Nilitetereka, nakiri. Wazee wanne ni wengi. Papa wa Depo alikuwa anaosha paneli. Alikuja na kitambaa chake chenye maji akamwambia shefu kwamba betri isiyo na kazi ndiyo betri iliyo kazini. Shefu hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaurudisha ufunguo ndani ya blauzi, nao wakabeba televisheni yao.

Masika yaliyopita mawingu yalifunika ziwa siku tatu mfululizo. Umeme wa mji ulikuwa umeanguka tangu siku ya kwanza, na meli ya mazuti ilisemekana bado iko Kigoma. Taa zetu za fungu la kwanza zilikuwa zimezimika, ila betri ya mama hatukuwa tumeigusa. Kwenye saa nne za asubuhi, mvua ikinyesha, nilimwona anaingia, amelowa, mkono ukutani kwa sababu macho yalikuwa yamefifia sana. Alitembea peke yake kutoka kwake. Aliketi kwenye benchi lile lile. "Uko na siku ngapi?" aliuliza, nami nikakimbilia ndani, ambako mama mmoja kutoka Zongwe alikuwa anasukuma.

Mtoto alitoka amelegea, wa bluu, kimya. Nilimsafisha, nikampulizia. Alivuta pumzi moja, akakawia, akavuta nyingine, kwa shida ile ninayoijua. Mikono yangu ilifanya kazi, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimerudi kwenye geti la depo na bidoni ya manjano. Kisha nikabonyeza kitufe cha mashine. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Ikaanza kunguruma taratibu, na hewa ikaja. Sijui ni muda gani ulipita. Najua kwamba midomo ilianza kugeuka rangi, halafu mikono, halafu akalia, kilio cha hasira, na mama yake akalia naye.

Nilipotoka nje mikono ilikuwa bado imelowa. Alikuwa amesimama, kofia ameishika kifuani. Hakuuliza habari za siku.

"Iko?" aliuliza.

"Iko, Papa," nikamwambia. "Iko."

Nikamshika mkono hadi mlangoni. Aliweka sikio kwenye ubao wa mlango na kufumba macho, kama alivyofanya kwa injini zote. Mashine ilikuwa inanguruma, na mtoto alikuwa anaendelea kulalamika. Alisikiliza kwa muda mrefu. Nilingoja hukumu yake, muzima ama mugonjwa, lakini hakuitoa. Alipofumbua macho alinigeukia, akauliza kwa sauti ndogo jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuliuliza.

"Ule mutoto wa siku ile ya geti. Alikuwa mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanamuke, Papa."

Alitikisa kichwa taratibu. Akavaa kofia yake ya depo, akashuka ngazi, akaenda zake kwa miguu katika mvua.